Lita Moja ya Ethanoli ya Mahindi Inakula Nishati Kiasi Gani?



Mwaka 2002 Hosein Shapouri na James Duffield wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, wakishirikiana na Michael Wang wa Maabara ya Taifa ya Argonne, walitoa hesabu yao: kila kipimo kimoja cha nishati kinachotumika kutengeneza ethanoli ya mahindi kinarudisha vipimo 1.34. Hiyo ni faida ya asilimia 34. Mwaka 2005 David Pimentel wa Chuo Kikuu cha Cornell na Tad Patzek wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley wakatoa ya kwao: nishati ya visukuku inayotumika, yaani mafuta, gesi asilia na makaa ya mawe, inazidi ile inayopatikana ndani ya ethanoli kwa asilimia 29. Hiyo ni hasara.

Mahindi ni yale yale ya Iowa, Illinois na Nebraska. Ethanoli ni ile ile. Mmoja akisema umepata na mwingine akisema umepoteza, mwananchi wa kawaida ana haki ya kudhani kwamba mmojawapo kahongwa. Na kweli ndivyo kambi hizo mbili zilivyorushiana maneno kwa miaka: hawa wanasukumwa na wauza mahindi, wale wanasukumwa na wauza mafuta. Mimi naomba leo tuache nia za watu, tufungue majedwali yao. Tofauti yote imo humo, na ukishaiona hutahitaji hadithi ya hongo.

Swali lenyewe si la jana. Baada ya misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970, Marekani ilianza kuchanganya petroli na ethanoli, na mwaka 1979 jarida la Science lilichapisha makala ya Chambers na wenzake iliyouliza waziwazi kama mchanganyiko huo unaleta nishati ya ziada au hauleti. Pimentel mwenyewe aliongoza jopo la washauri wa Wizara ya Nishati mwanzoni mwa miaka ya 1980 lililofikia jibu la kukatisha tamaa. Kisha mafuta yakashuka bei, watu wakasahau. Walikumbushwa na sheria mbili, ya 2005 na ya 2007, zilizowalazimisha wauza mafuta kuchanganya nishati ya mimea kwenye petroli. Ile ya 2007 ilitenga nafasi ya hadi lita bilioni 57 kwa mwaka kwa ethanoli ya mahindi peke yake. Leo Marekani inatengeneza karibu lita bilioni 60 kwa mwaka, takriban asilimia 40 ya mahindi yake hupitia kwenye viwanda hivyo, na karibu kila lita ya petroli inayouzwa huko ina sehemu moja ya kumi ya ethanoli. Kosa dogo la hesabu, ukilizidisha kwa kiasi hicho, si dogo tena.

Tuchukue gunia moja la kilo 90, kama lile tunalolijua. Kiwanda cha siku hizi kitalitolea lita 38 hivi za ethanoli, ambazo uzito wake ni kilo 30. Kitabakiwa na machicha makavu yapatayo kilo 27. Na kilo 29 hivi zitapaa angani kama hewa ukaa iliyotoka kwenye mapipa ya kuchachushia. Gunia hugawanyika karibu mafungu matatu yaliyo sawa, na kila mtu anayelibishania jambo hili anabishania, kwa namna moja au nyingine, mafungu hayo. Tukumbuke pia kwamba lita ya ethanoli ina takriban megajuli 21, wakati lita ya petroli ina 32. Kwa hiyo lita zetu 38 zinafanya kazi ya lita 25 za petroli. Bodaboda anayepiga kazi sana anaweza kuzimaliza kwa wiki moja. Kilo 90 za mahindi, kwa familia zetu, ni karibu mahindi anayokula mtu mzima mmoja kwa mwaka.

Sasa gharama. Jedwali la Pimentel na Patzek linaanzia shambani, na nalipenda kwa sababu halifichi kitu. Hekta moja ya Marekani, wanasema, inatoa kilo 8,655 za mahindi na inakula kilokalori milioni 8.1. Ukisoma mistari yake mmoja mmoja, mmoja unakuruka machoni: naitrojeni. Kilo 153 za naitrojeni kwa hekta zinachukua karibu asilimia 30 ya nishati yote ya shambani. Zinazidi dizeli na petroli ya matrekta zikijumlishwa. Mtu aliyezoea kuiona mbolea kama chembe nyeupe ndani ya mfuko wa kilo 50 haoni kwamba ameshika gesi asilia. Urea huanzia kwenye amonia, na amonia hutengenezwa kwa kuinyang'anya gesi asilia haidrojeni yake, kisha kuilazimisha ishikane na naitrojeni ya hewani chini ya joto kali na mgandamizo mkubwa. Ndiyo maana gesi ikipanda bei huko duniani, mkulima wa Songea analia dukani.

Mstari mwingine ni wa kazi ya mikono. Saa 11.4 kwa hekta kwa msimu mzima, kuanzia kulima hadi kuvuna. Mkulima wa Mbozi au wa Trans Nzoia anayeshika jembe hamalizi hata palizi ya kwanza kwa muda huo. Lakini tazameni jinsi walivyozihesabu saa hizo: walichukua mafuta yote anayotumia Mmarekani wa wastani kwa mwaka, lita 8,000, wakayagawanya kwa saa 2,000 za kazi. Maana yake gari la huyo mkulima, kiyoyozi chake na safari zake za likizo zimebebeshwa mahindi. Wapinzani walipiga kelele sana juu ya mstari huu, na kimantiki walikuwa sahihi, maana mtu huyo angetumia mafuta hayo hata kama hana kazi. Ila nimekaa nikapiga hesabu: mstari huo wote haufiki asilimia 6 ya nishati ya shambani, na ni kama asilimia 2 tu ya nishati yote ya lita moja ya ethanoli. Watu waligombania sarafu iliyoanguka chini huku pochi iko mezani.

Pochi iko kiwandani. Katika jedwali hilo hilo, lita moja ya ethanoli inakula kilokalori 6,597, nayo ikichomwa inatoa 5,130. Mahindi yenyewe yanachangia kama 2,500. Mvuke na umeme wa kiwanda vinachukua zaidi ya 3,500, yaani zaidi ya nusu. Kwa nini kiwanda kinakula hivyo? Hapa wenzetu waliowahi kuuona mtambo wa gongo au wa chang'aa wataelewa haraka kuliko maprofesa. Mahindi husagwa, hupikwa kwa maji mengi, vimeng'enya huvunja wanga kuwa sukari, hamira huila sukari hiyo. Lakini hamira hufa kwa kilevi chake chenyewe. Ikifika asilimia kumi na kitu ya kilevi, kazi imekwisha, na kilichobaki ndani ya pipa kwa sehemu kubwa ni maji. Lazima uyachemshe ili kukeneka kilevi. Mpika gongo huridhika mapema, mwenye kiwanda cha mafuta ya gari haruhusiwi. Anatakiwa afike zaidi ya asilimia 99, na kuchemsha peke yake hakumfikishi huko: kwenye asilimia 95 na ushee maji na ethanoli hukataa kuachana, hata ukeneke mara mia. Pale hutumia chembe maalumu zenye vitundu vidogo sana vinavyonasa maji na kuachia ethanoli. Zaidi ya hapo kuna machicha yaliyolowa ambayo nayo yanataka kukaushwa ili yasafirishwe. Kukausha huko kunaweza kula theluthi ya gesi yote ya kiwanda. Kwa ufupi, sehemu kubwa ya nishati ya ethanoli inatumika kupambana na maji.

Na hapo kwenye machicha ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Nitakaa hapa kidogo.

Shapouri na wenzake hawakusema kwamba kiwanda kinatumia nishati kidogo sana kuliko alivyosema Pimentel. Ukiondoa marekebisho yao ya machicha, hesabu yao ya 2002 ingebaki na faida ya asilimia 9 hivi badala ya 34. Walichofanya ni kusema: kiwanda hiki kinatoa bidhaa mbili, ethanoli na chakula cha mifugo, basi si haki nishati yote iandikwe kwenye jina la ethanoli. Wakapunguza karibu moja ya tano ya gharama wakaipeleka kwenye machicha. Pimentel na Patzek, katika ile asilimia 29 waliyoitangaza, hawakupunguza kitu.

Nani ana haki? Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa pembezoni mwa Dar es Salaam, wanaonunua machicha ya kiwanda cha bia, wanajua kwamba kile si takataka. Hamira inakula wanga tu. Protini, mafuta na nyuzinyuzi za mahindi zinabaki zote, tena zimekolea karibu mara tatu kwa sababu wanga umeondoka. Ng'ombe wa Nebraska anayelishwa machicha ni ng'ombe ambaye hakulishwa mahindi na mashudu ya soya. Nishati ambayo ingetumika kulima hayo mahindi na hiyo soya imeokolewa. Kuandika sifuri kwenye mstari huo ni kosa, na naliita kosa bila kusita.

Lakini Pimentel alikuwa na hoja moja ambayo wapinzani wake walipenda kuiruka. Soya ni jamii ya kunde. Inajitengenezea naitrojeni yake yenyewe kwa msaada wa bakteria wa mizizini, haihitaji mfuko wa urea. Kwa hiyo chakula cha ng'ombe kinachookolewa na machicha ni chakula kilichokuwa rahisi kinishati tangu mwanzo, na punguzo linalostahili ni dogo kuliko wapenzi wa ethanoli wangetamani. Mtu akigawanya nishati kwa uzito wa bidhaa, au kwa bei yake sokoni, au kwa joto lake likichomwa, atapata punguzo tofauti kila mara. Njia ya haki zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kuuliza: machicha haya yamechukua nafasi ya nini, na hicho kingegharimu nishati kiasi gani? Bahati nzuri ndiyo njia waliyoitumia Shapouri na wenzake katika ripoti ile ya 2002.

Mwaka 2006 Alexander Farrell na wenzake, wa Berkeley pale pale alipokuwa Patzek, walifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa miaka 20 kabla. Walichukua tafiti sita zilizokuwa zikipingana, wakaziweka kwenye jedwali moja lenye mipaka ileile na vipimo vilevile. Wakaona kwamba zile zilizotoa hasara zilikuwa zimepuuza bidhaa za ziada na kutumia baadhi ya takwimu zilizopitwa na wakati. Mwaka huohuo Jason Hill na wenzake wa Minnesota wakapata faida ya asilimia 25. Ripoti ya Wizara ya Kilimo iliyotoka 2010 inasema kiwanda cha kawaida kinarudisha karibu mara mbili ya kilichoingia, na 2.3 ukitumia njia ya ukarimu zaidi ya kuhesabu machicha. Siiamini kila desimali ya ripoti inayotoka kwenye wizara ambayo kazi yake ni kumtetea mkulima, lakini mwelekeo wake unaeleweka. Mavuno ya Marekani yamepanda hadi takriban tani 11 kwa hekta bila naitrojeni kupanda kwa kasi hiyo, viwanda vya amonia vimebana matumizi, viwanda vya ethanoli vimepata vimeng'enya bora na boila bora, na vingine vimejengwa karibu na mazizi ili machicha yauzwe yakiwa mabichi, bila kukaushwa.

Wapo ambao hawajakubali. Murphy, Hall na Powers mwaka 2011 walikusanya tofauti zote za hesabu hizi wakapata wastani wa 1.07, huku shaka ya 0.2 ikiwa juu au chini yake. Kitakwimu huwezi kuapa kwamba inazidi moja. Hata hivyo uzito wa ushahidi, mimi nikiusoma, uko upande mmoja: ethanoli ya mahindi ya Marekani leo inatoa nishati nyingi kuliko inayoingia. Pimentel alikosea ishara ya mbele ya namba.

Sasa rudini kwenye gunia letu. Lita 38, sawa na lita 25 za petroli. Ukichukua faida ya Hill ya asilimia 25, katika kila lita tano nne zinalipa deni lake zenyewe, moja ndiyo ya ziada. Gunia zima limekuachia nishati ya ziada inayolingana na lita 5 za petroli. Ukichukua ile ya mara mbili, unabaki na 12 au 13. Hizo ndizo namba ambazo zingepaswa kutangazwa, wala si 1.25 au 2, kwa sababu uwiano hauonyeshi ukubwa wa kilichobaki. Hill na wenzake walifanya hesabu hiyo kwa nchi nzima: mahindi yote na soya yote ya Marekani, bila kubakiza punje ya kuku, yangetosheleza asilimia 12 ya mahitaji ya petroli na asilimia 6 ya dizeli. Ukitoa nishati iliyotumika kuyapata, ziada halisi ni asilimia 2.4 na 2.9. Charles Hall, mmoja wa wale watatu wa 2011, ambaye ametumia maisha yake kwenye hesabu za namna hii, anakadiria kwamba nishati isiyorudisha walau mara tatu haiwezi kuibeba jamii, kwa sababu kuna barabara, magari na matangi ya kulipia pia.

Msomi mmoja hapa ataniuliza: na petroli yenyewe? Swali zuri, na Wang alilitumia sana. Ili kuingiza kipimo kimoja cha petroli kwenye tangi la gari, unatumia takriban vipimo 1.2 vya nishati ya visukuku, ukihesabu mafuta ghafi yenyewe pamoja na kuyachimba, kuyasafirisha na kuyasafisha. Uwiano wake ni kama 0.8. Umeme wa makaa ya mawe ni mbaya zaidi, chini ya nusu. Kwa kipimo hicho ethanoli yenye 1.3 inaishinda petroli bila jasho. Wapinzani wanasema huko ni kuchanganya kuku na mayai yake, maana mafuta ghafi ndiyo chanzo chenyewe, si gharama. Nionavyo, wote wawili wanajibu sawasawa maswali mawili tofauti. Wang anauliza ni visukuku vingapi vinateketea nikijaza tangi. Hall anauliza shughuli hii inaiachia jamii nini cha kutumia kwingine.

Hata mkulima wa jembe asiyetia mbolea angeshinda shindano la uwiano. Hana dizeli, hana urea, na jasho lake hakuna jedwali linaloliandika kwa thamani yake. Uwiano wake ungekuwa wa kupendeza kabisa, lakini tani yake moja na nusu au mbili kwa hekta ni ya kumlisha yeye na watoto wake, si ya kulisha gari. Ndiyo sababu nasema swali la uwiano, lililowala maprofesa miaka 30, lina jibu sahihi lakini ni la kuanzia tu.

Yapo mawili yanayonisumbua kuliko hilo.

La kwanza ni aina ya nishati. Farrell alionyesha kwamba mafuta yanayoingia kwenye ethanoli ni kidogo mno, kama sehemu moja ya ishirini ya nishati inayotoka. Kilichobaki ni gesi asilia na makaa ya mawe. Kwa nchi iliyokuwa ikiogopa kuagiza mafuta ya Uarabuni, hilo lilikuwa jibu zuri: geuza gesi yako kuwa kimiminika, na jua lisaidie kidogo njiani. Lakini sisi Dar es Salaam tunaona bajaji na teksi zikijaza gesi ya Songo Songo moja kwa moja. Anayetaka gari litembee kwa gesi hana haja ya kuipitisha gesi kwenye urea, urea kwenye hindi, hindi kwenye boila inayochemshwa kwa gesi nyingine, ndipo ifike tangini.

La pili ni ardhi. Mwaka 2008 Timothy Searchinger na wenzake walisema hesabu zote za gesijoto zilisahau kitu kimoja: mahindi yakienda kiwandani, mtu mahali fulani duniani atafyeka msitu au mbuga ili kuziba pengo. Kwa makadirio yao ingechukua miaka 167 kulipa deni hilo la kaboni. Namba hiyo ilikuwa kubwa mno, na tafiti za baadaye ziliishusha sana. Lakini hoja haikufa. Mwaka 2022 Tyler Lark na wenzake walikadiria kwamba sheria ya 2007 ilipandisha bei ya mahindi kwa asilimia 30 na eneo la mahindi kwa asilimia 8.7, na kwamba ethanoli hiyo huenda inachafua hewa kwa asilimia 24 zaidi ya petroli. Watafiti wa Argonne waliipinga kazi hiyo vikali, nao hawajaafikiana. Ongezeeni nitrasi oksaidi, gesi inayotoka kwenye udongo uliotiwa naitrojeni, ambayo kilo yake moja inapasha joto kuliko mamia ya kilo za hewa ukaa. Paul Crutzen, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya kemia ya 1995, alionya kwamba gesi hiyo peke yake inaweza kufuta faida yote ya tabianchi. Naitrojeni isiyogeuka gesi inateremka na mto Mississippi hadi Ghuba ya Mexico, ambako kila kiangazi kuna eneo kubwa la bahari lisilo na hewa ya kutosha kwa samaki.

Nifanye hesabu ya haraka mbele yenu. Hekta ya Iowa yenye tani 11 inatoa kama lita 4,600 za ethanoli, yaani megawati-saa 27 za joto kwa mwaka kabla ya kutoa gharama. Hekta hiyo hiyo ikiwekwa paneli za sola itatoa umeme usiopungua mara 20 ya hapo, na mota ya umeme inautumia vizuri kuliko injini inavyotumia ethanoli. Mimea haikuumbwa ili iwe mitambo ya nishati. Inakamata sehemu ndogo sana ya jua linaloiangukia, na inafanya hivyo kwa miezi minne au mitano tu ya mwaka.

Kwa nini basi Marekani haijaacha? Iowa hutoa mahindi mengi kuliko jimbo lolote na kwa miongo mingi ndiyo iliyofungua kinyang'anyiro cha kutafuta wagombea urais. Al Gore alikiri mwaka 2010 kwamba kuiunga mkono ethanoli hiyo halikuwa jambo jema, na kwamba alikuwa amewafikiria wakulima wa Tennessee na wa Iowa. Sina la kuongeza.

Kwa upande wetu, ethanoli ya kuendeshea magari si ngeni. Kenya ilichanganya petroli na ethanoli ya Muhoroni miaka ya 1980, na Malawi imekuwa ikifanya hivyo tangu 1982, kwa ethanoli ya Dwangwa. Zote mbili zilitumia molasi ya miwa. Miwa ni hadithi nyingine kabisa: makapi yake yanachomwa kwenye boila ya kiwanda, hivyo mvuke unapatikana bila gesi wala makaa, na ndiyo maana ethanoli ya miwa ya Brazil inarudisha nishati mara nane au tisa. Anayewaletea mradi wa mahindi huku akitumia mafanikio ya Brazil kama ushahidi, mwambieni aonyeshe boila yake.

Kabla ya kukaa, niligusie swali ambalo hulisikia kila ninapozungumzia jambo hili: mahindi yenye sumukuvu je? Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na kila mwaka yapo maghala ambayo mahindi yake hayafai kuliwa. Je, yasipelekwe kukenekwa? Yanaweza. Sumukuvu haipandi na mvuke wa kilevi, ethanoli inatoka safi, na mahindi ambayo yangetupwa hayana deni la shamba la kulipwa upya. Lakini sumu yote inabaki kwenye machicha, imekolea mara tatu kuliko ilivyokuwa kwenye punje, na ng'ombe akiyala inatokea kwenye maziwa. Kwa hiyo wale mtakaokaa mezani na mwekezaji wa aina hiyo, msianze na lita atakazotoa. Mtakeni aandike mambo matatu: mvuke wa boila utatoka wapi, machicha yataenda kwa nani, na nani atayapima sumu kabla hayajafika zizini. Asipoyaandika, msimpe kiwanja.